Pikipiki Isikuzidi Kimo: Neno kwa Mtu Mzima Anayeanza Kuendesha



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, lishe ya watoto na chanjo. Mwezi huu tunazungumza juu ya pikipiki, na msishangae kuikuta kwenye ukurasa wa afya. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba katika kila 10 waliokufa, 2 hivi walikuwa juu ya vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Hata hivyo hatuhitaji takwimu za mbali. Yeyote aliyekwenda kumwangalia mgonjwa Bombo, au katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili kule Dar es Salaam, amejionea mwenyewe watu waliolala miguu imefungwa vyuma, na akiuliza sababu huambiwa neno moja: pikipiki.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya vijana wa bodaboda na mwendo wao. Leo tunamsemea mtu mwingine ambaye hasemewi sana. Ni mtu mzima wa miaka 35, 45 au hata 55, aliyekwenda kwa miguu au kwa baiskeli maisha yake yote, na sasa kazi inamlazimu kupanda pikipiki. Ni katekista mwenye vigango vitatu, mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu, bwana shamba, sista muuguzi, au baba mwenye minazi yake mbali na nyumbani. Mtu huyu hana papara wala hashindani na mtu, lakini anaanguka, na mara nyingine anavunjika kabla hajamaliza mwezi wa kwanza. Maoni yetu ni haya: ajali nyingi za namna hiyo huanzia dukani, siku ile anaponunuliwa au anapojinunulia pikipiki isiyo ya kimo chake.

BARABARA INATUDANGANYA

Tuchukue mfano wa Mkwaja. Anayetoka Pangani mjini huvuka mto, hushukia Bweni, kisha hushika njia ya kusini kupitia Mwera mpaka Mkwaja. Akiendelea mbele atafika Buyuni na Saadani. Karibu na bahari kuna mchanga unaomeza tairi. Penye udongo mweusi, mvua za masika zikianza mwezi Machi, njia hunata na kuteleza kama sabuni. Na kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, iliingiza ndani yake eneo la iliyokuwa ranchi ya Mkwaja, mpanda pikipiki wa jioni anaweza kukutana na nyati au tembo njiani. Lami ikifika katika barabara kuu tutamshukuru Mungu, lakini njia za kwenda vitongojini na mashambani zitabaki na mchanga wake na tope lake.

Mtu akiitazama njia ya namna hiyo husema, "Barabara ni mbaya, basi ninunue kubwa." Ndipo huchagua ile pikipiki ndefu ya porini, yenye matairi ya meno, madigadi yaliyoinuka na injini ya CC 200 au 250. Mawazo hayo yanaonekana kuwa ya busara, lakini kwa mtu anayejifunza yamegeuzwa chini juu. Kadiri njia inavyokuwa mbaya, ndivyo anavyohitaji zaidi kuweka miguu chini. Katika lami mtu hushusha mguu anaposimama tu, bali katika mchanga na tope huushusha kila baada ya hatua chache, tena ghafla, tena pasipo sawa. Mguu usipofika chini, pikipiki inalala. Na ikilala, aghalabu inaulalia mguu huohuo ulioshindwa kufika.

UKUBWA NI MAMBO MATATU

Watu wakisema "pikipiki kubwa" humaanisha injini peke yake. Sisi tunawaomba mtazame mambo matatu.

La kwanza ni kimo cha kiti. Pikipiki za kawaida za CC 125 na 150 mnazoziona kila kijiwe, kama Boxer, TVS na zile za Kichina, kiti chake kiko kiasi cha sentimita 78 hadi 80 kutoka chini. Zile za porini kama Honda XL 125 na Yamaha DT 125, ambazo ofisi nyingi na misheni zilizitumia miaka iliyopita, ziko juu zaidi, kati ya sentimita 83 na 88 kufuatana na toleo. Zile za mashindano za CC 250 na 450 zinazoonyeshwa kwenye televisheni zikiruka matuta hukaribia sentimita 95 au kupita. Hizo si za kazi, nyingi hazina hata taa. Sasa fikirini mtu wa kimo cha sentimita 160. Urefu wa mguu wake kwa ndani, kutoka chini hadi msambani, ni kiasi cha sentimita 73. Juu ya kiti cha sentimita 79, kikishabonyea kwa uzito wake, atagusa chini kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili. Juu ya kiti cha sentimita 87 atachuchumia kwa ncha ya kidole cha mguu mmoja.

La pili ni uzito. Pikipiki nyingi tulizozitaja zina kilo 105 hadi 125 kabla ya mzigo, na za CC 250 za kusafiria huzidi hapo. Mtu mzima mwenye kilo 58 hana nguvu ya kuizuia kilo 125 ikishaanza kuinama. Huzuiwa mapema tu, ingali wima, kwa mguu uliokanyaga vizuri. Pikipiki ndefu huongeza taabu hiyo kwa sababu uzito wake umekaa juu, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji kichwani badala ya kuibeba mkononi.

La tatu ndilo injini. CC 125 maana yake ni kwamba nafasi ya ndani ya silinda ni sentimita za ujazo 125. Injini ikiwa kubwa, nguvu huja upesi. Anayejifunza akishtuka hukaza mikono, na mkono wa kulia ukikazwa na kuvutwa nyuma huongeza mafuta. Injini ya CC 100 au 125 italia kwa nguvu na kusogea. Ya CC 250 itamchomoka chini yake. Tena zile za zamani za kuchanganya petroli na oili, kama DT, zina tabia ya kukaa kimya kisha kutoa nguvu zote kwa mara moja. Kwa mwenye uzoefu hilo ni raha, lakini kwa mwanafunzi ni mtego.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mfupi. Mtu mzima anayeanza na achukue CC 100 hadi 125, kiti kisichozidi urefu wa mguu wake wa ndani kwa zaidi ya sentimita 5 au 6. Matope na mchanga atavikabili kwa matairi ya meno, ambayo fundi anaweza kuyafunga hata kwenye pikipiki fupi. Akipata pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima, kama zile za Yamaha ziitwazo AG, ni vizuri zaidi: zina keria imara, vyuma vya kukinga mikono, cheni iliyofunikwa, na stendi pande zote mbili ili isimame hata penye mteremko.

Wala tusiangukie upande wa pili. Skuta yenye vigurudumu vidogo itazama mchangani kabla ya kupita Mwera. Tunatafuta kinachomfaa mtu, si kidogo kuliko vyote.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Wengine hutuambia, "Nitazoea." Ni kweli utazoea klachi, gia na breki, lakini mguu wa mtu wa miaka 45 haurefuki.

Wengine husema, "Nahitaji kubwa kwa ajili ya mzigo." Pikipiki ya CC 125 inambeba mtu mmoja na mzigo wake wa kazi bila taabu. Ikiwa unafikiria gunia la nazi, mke na watoto wawili kwa pamoja, hapo shida si injini. Mishikaki ni hatari juu ya pikipiki yoyote, na kwa mwanafunzi hata abiria mmoja ni wengi. Miezi mitatu ya kwanza na aende peke yake.

Wengine, hasa wanaume, hawasemi lakini tunawaelewa: pikipiki ndefu ina heshima. Baba akipita nayo watu hugeuka. Ndugu zetu, heshima ya baba ni kurudi nyumbani jioni akiwa mzima. Mfupa wa muundi ukivunjika na kutokeza nje ya ngozi, mtu hulala miezi. Msimu wa kupanda humpita, ada ya shule hukosekana, mbuzi huuzwa, na mama hubeba nyumba peke yake pamoja na mgonjwa. Mtu wa miaka 50 na zaidi mfupa wake huchelewa kuunga kuliko wa kijana. Hayo ndiyo yanayowekwa rehani kwa ajili ya sentimita 8 za kiti.

KWA WANAOWANUNULIA WENGINE

Hapa ndipo penye neno zito kuliko yote. Pikipiki nyingi za vijijini hazikuchaguliwa na anayeziendesha. Zimechaguliwa na ofisi, na mradi, na kamati, au na mtoto aliyeko mjini anayetaka kumfurahisha baba yake. Mnunuzi hutazama bei na sifa za injini, mara chache huuliza, "Huyu mwendeshaji ana kimo gani?" Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeko ofisini haoni uzito wa pikipiki iliyolala kwenye tope huko Mkwaja.

Kanisa linajua thamani ya usafiri. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblate wa Maria Imakulata, alianzisha shirika la MIVA ili wamisionari wapate vyombo vya usafiri. Alisukumwa na kifo cha rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, aliyefariki katika nchi ambayo leo ni Namibia kwa kuwa hakufikishwa kwa daktari mapema. Tangu hapo vyombo vingi vimetolewa na wafadhili kwa misheni za Afrika, na vimeokoa maisha. Lakini kumpa mtu chombo ni nusu ya wema. Nusu ya pili ni kumpa kinachomfaa, kumfundisha, na kumwekea fedha ya matengenezo.

Tunaziomba halmashauri za parokia, miradi na familia zikubaliane na mambo matatu. Mwendeshaji aitwe dukani akae juu ya pikipiki kabla haijalipiwa. Fedha ya kofia ngumu, viatu vya kufunika vifundo na mafunzo iwe ndani ya bei ya pikipiki, isiwe ahadi ya baadaye. Na mtu akisema, "Hii ni ndefu kwangu," asichekwe wala asiambiwe kwamba hana shukrani.

Neno hili linawahusu akina mama na masista kwa namna ya pekee, kwa sababu pikipiki nyingi hununuliwa kwa kumfikiria mwanamume. Muuguzi mfupi si mwendeshaji dhaifu. Mpeni kiti cha kimo chake mtaona. Yeye naye avae suruali ndani ya sketi au kanzu yake, na asiache khanga, kitenge wala shela ikining'inia karibu na gurudumu na cheni. Bomba la moshi nalo huunguza ndama ya mguu vibaya. Liwe na kinga.

JINSI YA KUJIPIMA

Mambo haya hayahitaji mtaalamu. Fanyeni hivi:

1. Simama na viatu vyako vya kazi, mgongo ukutani. Weka kitabu kati ya mapaja, kiguse msamba, kiwe sawa. Mtu mwingine apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Andika kipimo hicho, uende nacho dukani.

2. Kaa juu ya pikipiki ikiwa imezimwa. Nyayo zote mbili ziguse chini kwa sehemu ya mbele kwa wakati mmoja. Mguu mmoja pekee hautoshi.

3. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Kama mkono wa nje unanyooka mpaka bega linavutwa, pikipiki ni kubwa kwako.

4. Shika klachi na breki. Vidole vifike bila kuachia mpini.

5. Shuka, uisukume mbele na nyuma hatua 20 mahali penye mchanga. Ukishindwa kuisukuma ikiwa tupu, utashindwa kuidhibiti ikiwa na mzigo.

6. Mwombe mwenzako aisaidie kulala taratibu chini, mafuta yakiwa yamefungwa. Kisha iinue mwenyewe. Usiiname na kuivuta kwa mikono, utaumia mgongo. Igeuzie mgongo, chuchumaa, matako yaguse kiti. Mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike chuma cha nyuma. Sukuma kwa miguu huku ukirudi nyuma hatua fupifupi. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza ili isiangukie upande wa pili. Usiyeweza kuiinua pikipiki yako, usiende nayo peke yako mahali penye kilomita nyingi bila watu.

Na yule ambaye amekwisha kupewa pikipiki ndefu afanye nini? Fundi viti anaweza kupunguza sponji ya kiti, na shokapu ya nyuma katika pikipiki nyingi inaweza kulegezwa. Asikubali springi zikatwe. Kama bado haitoshi, ni afadhali abadilishane na mwenzake mrefu zaidi, kila mmoja akapata cha kwake.

KOFIA NAYO INA SAIZI

Sheria ya nchi yetu inamtaka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu, na leseni za pikipiki zina madaraja yake kufuatana na CC. Ulizeni polisi wa usalama barabarani kabla ya kununua. Lakini tuache sheria, tutazame afya. Mwaka 2008 wataalamu wa Cochrane walikusanya pamoja tafiti nyingi za nchi mbalimbali, wakaona kwamba kofia ngumu hupunguza kufa kwa waendeshaji wanaopata ajali kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa nyingi zenye sifa hiyo. Ila kofia inayocheza kichwani, au isiyofungwa mkanda, huruka kabla ya kichwa kufika chini. Itikise: ikizunguka peke yake, si yako.

Ajali ikitokea na mfupa umetokeza nje, msijaribu kuurudisha. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, fungeni mguu kwenye ubao ulivyo, mkimbizeni mgonjwa hospitali. Tunawaheshimu mafundi wa jadi wa mifupa, lakini mfupa uliotoboa ngozi si wa kwao. Uchafu ulioingia huleta pepopunda na kuoza kwa mfupa, na mguu unaweza kukatwa.

Tunamaliza kwa pendekezo. Huko Austria, MIVA huwaomba madereva, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Christopher mwezi Julai, watoe sadaka ndogo kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali, na fedha hiyo hununua vyombo vya usafiri kwa ajili ya misheni. Sisi nasi tuna pikipiki nyingi mbele ya makanisa yetu kila Jumapili. Kwa nini Julai ijayo tusizibariki, wenye nazo wakatoa shukrani zao, na fedha hiyo ikanunua kofia ngumu za makatekista na wahudumu wa afya wa pwani? Na siku hiyohiyo, baada ya misa, kila mmoja apande ya kwake mbele ya wenzake, tuone nani miguu yake inafika chini.

Mungu awalinde safarini.